Siku Nilipohesabu Maji kwa Idi ya Shemeji

Safari moja ya saa moja ukingoni mwa maji ilinigharimu doti ya kanga, kiatu cha mguu wa kushoto, lita nne za petroli, na mwezi mzima wa kusimama pembeni nikitazama wenzangu wakitembeza wageni. Nimeihesabu gharama hiyo mara mbili na haikupungua. Mzee Salumu wa Mchukwi, aliyekuwa mgeni wangu siku ile, nusura imgharimu zaidi. Alikuwa njiani kwenda kisiwa cha Mafia kumwozesha binti yake wa pekee, na mimi nikamkalisha matopeni huku akiiona boti yake kwa macho.

Nawaandikia ninyi mnaobaki na filimbi hapa Nyamisati. Wiki iliyopita mlinifanyia chai ya kuniaga, mkanipa saa ya ukutani, zawadi ya ajabu kwa mtu ambaye hana tena mahali pa kuchelewa. Nashukuru. Mliniomba niandike kazi ilivyokuwa. Vyeo siandiki, kwa sababu kikundi chetu kina cheo kimoja tu, nacho anakishika mwenye ufunguo wa stoo. Malipo nayo siandiki, mnayajua, na aliye mgeni kazini nisingependa kumkatisha tamaa mapema.

Nilianza na vitumbua. Abiria wa Mafia hupandia hapa jetini, kwenye gati letu, na boti huondoka maji yakikubali. Mtu anatoka Kibiti alfajiri ili asichelewe, anafika saa tatu asubuhi, anaambiwa boti ni saa tisa mchana. Saa sita zote hizo atafanya nini? Atakula vitumbua viwili, atalala kwenye benchi, ataamka, atauliza, "Bi, hapa kuna nini cha kutazama?" Kwa miaka miwili nilikuwa najibu, "Kuna vitumbua." Siku moja mama mmoja wa Dar na mumewe wakaniambia vitumbua wameshavitazama pande zote. Nikafunika beseni, nikawapeleka kuona vizimba vya kaa nyuma ya soko la samaki. Kaa mmoja akambana bwana upindo wa suruali, akagoma kuachia. Mkewe alicheka mpaka akakaa chini. Waliponipa asante yao niliihesabu mara mbili: ilikuwa bei ya beseni zima, na vitumbua vyangu bado vipo. Hapo nikaelewa kwamba jetini kuna bidhaa moja imelala bure, nayo ni saa za watu wanaosubiri.

Aliyenifunza kazi yenyewe ni Mzee Bakari. Yeye alikuwa mtu wa kivuko cha zamani pale Ndundu. Daraja lilipofunguliwa, wengine walipiga ngoma; yeye alilivuka kwa miguu mara moja, akarudi, akasema ni zuri lakini halina maongezi, kisha akachukua mfuko wake akashuka deltani. Hapa Nyamisati akanunua mashua ya mbao yenye mashine ndogo. Alikuwa mfupi, mkali, na hakuwahi kumsifu mtu usoni.

"Wewe unajua kuuza," aliniambia siku niliyomwomba tushirikiane. "Kuuza watu wengi wanajua. Kurudisha je?"

"Kurudisha chenji?"

"Kurudisha watu, mwanamke wewe. Ukiondoka na kumi, urudi na kumi. Hiyo ndiyo kazi. Kaa na mikoko ni mapambo."

Akanipa utaratibu wake wa kivukoni. Watu wakipanda unahesabu vichwa; wakishuka unahesabu miguu, unagawa kwa mbili. Vichwa, alisema, huegemeana vikaonekana kimoja, na mtoto akilala mapajani mwa mama yake kichwa hukioni. Miguu lazima ikanyage. Siku yangu ya kwanza nikahesabu vichwa vinane wakipanda. Wakati wa kushuka miguu ikawa kumi na tano. Nikarudia: kumi na tano. Jasho likanitoka, nikaanza kuchungulia chini ya mbao za kukalia. Babu mmoja mwenye gongo akanigusa bega. "Binti, usiutafute. Wa kwangu mmoja niliuacha hospitali zamani."

Abiria wote wakaangua kicheko, naye mwenyewe akiwa wa kwanza. Mzee Bakari alikuwa amesimama pale muda wote, ameshajua, ananitazama tu.

"Hesabu hukukosea," alisema. "Ulikosea kutazama."

Nilidhani ananitania. Ilinichukua miaka kadhaa, na matope mengi, kujua kwamba lile lilikuwa somo lenyewe.

Matembezi mnayoyafanya leo tuliyapanga sisi wawili kwa kubishana. Kwanza jetini kwenyewe, mgeni aone mizigo inavyopanda botini: magodoro, mbuzi, kabati la vyombo, na mtu mmoja anayeapa kwamba pikipiki yake ni mzigo wa mkononi. Kisha mnada wa samaki, ambapo mgeni lazima aonywe asikune kichwa, maana ukiinua mkono umenunua. Kisha vizimba vya kaa. Kisha kwa fundi mashua, anayekalafati, yaani anayeziba nafasi za mbao kwa pamba na mafuta. Pale mgeni hupewa nyundo ya mbao agonge mwenyewe. Nimeshuhudia watu wenye ofisi zenye viyoyozi wakigonga pamba nusu saa kwenye jua na kushukuru. Fundi anapata kibarua anayemlipa fundi. Halafu kwa akina mama wa mikeka, na hapo acheni mgeni ajaribu kusuka mwenyewe, kwa sababu akishashindwa mistari miwili hatabishana tena bei. Mwisho mashua inaingia kwenye kijito kuona mikoko, tukirudi kwenye wali wa nazi na kamba. Saa mbili, au saa moja kwa mwenye haraka, na boti ya Mafia bado inapakia.

Vifaa vyangu vilikuwa vichache. Filimbi, fimbo ya mkandaa, aina ya mkoko, niliyoitia alama za kupimia kina cha tope, kopo la kukumbia maji, na gunia la viatu. Gunia hilo mnalijua. Tope la hapa hula kiatu cha kushoto, sijui kwa nini. Labda watu hutangulia na mguu huo. Wageni wakiondoka, tope likitulia, tunakiokota. Nilipostaafu gunia lilikuwa na viatu arobaini na kimoja, vya kulia vitatu tu. Msitupe. Kuna bwana mmoja alirudi baada ya miaka minne, akakikuta chake, akakivaa akaenda zake.

Wageni wagumu watakuja na msiwaogope. Mmoja alinishika kanga: "Nimelipia kiboko. Kiboko yuko wapi?" Nikamwambia, "Umelipia mahali pa kiboko, baba. Yeye mwenyewe hatujawahi kumlipa, ndiyo maana hana zamu." Mwingine alitaka kuona meli ya vita ya Wajerumani iliyozamia humu deltani enzi za mababu. Meli yenyewe watu walishaikata vyuma zamani. Nikamwonyesha maji. Akayapiga picha ishirini. Sikusema uongo, maji ni yaleyale. Mwalimu mmoja wa Mtawanya alileta wanafunzi thelathini na wawili, nikarudisha thelathini na watatu, na tukatumia muda mrefu zaidi kumtafutia wa ziada mwenyewe kuliko ambavyo tungemtafuta aliyepotea. Alikuwa mtoto wa muuza madafu, alipenda nyimbo zao.

Sasa nifike kwenye mwezi.

Maji tunayahesabu kwa mwezi. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, maji hujaa alasiri, karibu saa kumi. Kila siku inayofuata kujaa kunasogea mbele kwa muda unaokaribia saa nzima. Ukijua leo ni tarehe ngapi ya mwezi, unajua kijito kitakuwa na maji saa ngapi. Hakuna mtu hapa pwani anayehitaji kitabu kwa hilo. Anahitaji tu kujua alianza kuhesabu lini, na hapo ndipo nilipoteleza.

Mwaka ule kijiji kilikula Idi siku mbili. Wengine walipata habari kwamba mwezi umeonekana huko mbali, wakafungua. Wengine walitazama juu, hawakuona kitu, wakafunga siku moja zaidi. Sitaki kuufungua mjadala huo, wenye elimu wapo. Mimi nilikula Idi ya kwanza, na hoja yangu haikuwa na kitabu: shemeji yangu alikuwa amechinja mbuzi, na harufu ya pilau ilikuwa imeshavuka ua. Tangu siku hiyo nikawa nahesabu mfunguo mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, kuanzia kwenye ile sahani.

Kwangu mimi, basi, siku aliyokuja Mzee Salumu ilikuwa mwezi kumi na tatu. Maji yatajaa karibu saa nane mchana, nikajiambia, na kijito kitatubeba mpaka saa tisa. Nilihesabu kwa vidole vya mkono wa kulia, nikarudia kwa vya kushoto. Ikawa sawasawa. Niliridhika sana. Sikukumbuka kwamba mikono yote miwili ilianzia kwenye sahani moja.

Mzee Salumu alifika jetini mapema kama wote. Mrefu, mkavu, kanzu nyeupe iliyonyooka kama imetoka kwenye pasi saa ileile, kofia ya viua, na mkeka mpya umeviringishwa kwapani. Mkulima wa korosho. Nimebishana bei na watu wengi, lakini yule alikuwa daraja lingine.

"Shikamoo, mzee. Boti bado. Karibu utembee kidogo."

"Marahaba. Kiasi gani?"

Nikamtajia.

"Hiyo ni ya macho mawili," akasema. "Hili langu la kushoto lina ukungu. Nitaona nusu."

"Nusu utakayoiona ndiyo nzuri zaidi, mzee. Ina bei yake."

Akanitazama kwa lile jicho zima, akatabasamu kidogo, na nikajua nimepata mtu. Tulikwenda hivyo robo saa. Mwishowe akalipa robo tatu, nami nikamwondolea mnada na mikeka, kibaki kijito tu. Mkeka, alisema, anao tayari. Alisukiwa na mkewe kwa ajili ya binti yao, Rehema, aliyekuwa anaolewa huko Mafia kesho yake saa tatu asubuhi. Mke mwenyewe alikuwa amevunjika mguu, amelala Mchukwi, hawezi safari. Ndugu wa karibu hawana. "Kwa hiyo ndugu, mama na baba ni mimi," alisema. "Na huu mkeka."

Boti ilikuwa saa tisa. Inayofuata ni ya kesho yake mchana, harusi imeshapita. Alinieleza hayo yote kabla ya kupanda, kwa sauti, ili nisije nikasema sikujua. Nilihesabu kichwa: kimoja. Tukaingia, mimi, yeye, na Chande aliyekuwa akiendesha mashine. Ilikuwa saa saba na nusu.

Kijitoni alifurahi. Nasema kweli, sijamwona mtu akifurahia mizizi ya mikoko kama yeye. Aliuliza kila mti jina lake, na kila jina akauliza unajengewa nini. Ndege mdogo wa bluu akapiga mbizi mbele yetu akatoka na samaki, mzee akapiga kofi pajani. "Huyo hakupatana bei na mtu!" Nikamwambia Chande aingie ndani zaidi kidogo, mzee aone mahali pa kiboko.

Chande alipunguza mashine. "Dada Somoe, haya maji yanakwenda wapi?"

"Yanaingia. Leo kumi na tatu."

"Mbona majani yanatoka?"

Nikatazama. Majani makavu ya mikoko ya mchu yalikuwa yanatupita, yanaelekea mtoni, taratibu, kama watu wanaotoka msikitini.

"Yanazunguka tu," nikasema. Naomba mkumbuke neno hilo. Mkilisikia mdomoni mwenu siku moja, geuzeni mashua.

Hatukumaliza kona mbili. Mashua ikakwaruza, ikajaribu, ikakaa. Chande akachukua upondo asukume, ukaenda wote ndani ya tope, akabaki ameshika ncha. Ilipofika saa nane na robo kijito kilikuwa mfereji, na kufikia nusu kilikuwa mstari wa chai. Maji yalikuwa yamejaa saa saba. Maji yalikuwa yamekula Idi na wale wengine.

Kupitia mikoko tuliiona jeti. Haikuwa mbali, hatua mia tano hivi, lakini za matope yanayofika juu ya magoti, na asiyeyazoea hatoki salama na pumzi zake. Boti ilikuwa imefunga pale, nyeupe. Watu walishaanza kujipanga.

Mzee Salumu hakupiga kelele. Angenitukana ningejua la kufanya. Alikaa na mkeka wake mapajani, akauliza polepole, "Mwanangu, hii ni sehemu ya matembezi?"

"Hapana, mzee. Nimekosa hesabu."

"Maji yatarudi saa ngapi?"

"Baada ya magharibi ndiyo yataanza kuingia. Kutubeba, ni baadaye zaidi."

Chande, ambaye ni mtu mwema lakini mdomo wake hutangulia, akasema, "Mzee, siku hizi mambo rahisi. Piga simu, umwakilishe mtu hukohuko, akuozeshee. Sheria inaruhusu."

Mzee akamgeukia. "Nimemlea miaka ishirini na miwili kwa mikono, nije nimwoze kwa simu?"

Chande akainamisha kichwa. Akapiga yeye simu, jetini, kumwomba nahodha wa boti asubiri. Tulisikia jibu sote: dakika kumi baada ya saa tisa, si zaidi, kwa kuwa maji yanayopwa kwetu yanapwa na kwake pia. Kisha nahodha akauliza, "Aliyewaingiza humo saa hizi nani?" Chande akanitazama, akakata simu. Nitamshukuru maisha yangu yote.

Wakati nimeshavua viatu, nimejifunga kanga kiunoni, nikipanga jinsi ya kumbeba mzee mgongoni na kufa naye njiani, tukasikia vicheko. Walikuwa akina mama wa kaa, watatu, wakitoka kukagua mashimo. Mnajua wanavyokwenda maji yakipwa: mtumbwi mwepesi juu ya tope, goti moja ndani, mguu mwingine unapiga nyuma, chombo kinateleza kama sabuni. Mbele alikuwa Bi Kuruthumu, mwanamke mwenye mabega ya mlango.

"Somoe!" akaita. "Umehamia huku? Kodi kiasi gani?"

"Bi Kuru, niokoe. Mzee huyu ni wa boti. Anakwenda kuozesha."

Akamtazama mzee kuanzia kofia mpaka miguu. "Mzigo wenyewe mweupe. Kaa wangu nimwage?"

"Mwage, nitakununulia wengine."

"Hawa si wa kununua, nimewashika kwa vidole hivi." Akawaza. Kisha akawaambia wenzake wagawane kaa kwenye vikapu vya mgongoni, wakaleta mtumbwi ubavuni mwetu. "Ingia, baba harusi. Usitikisike. Ukitikisika unaoga."

Mzee akaingia na mkeka. Wawili nyuma wakasukuma, mimi na Chande ubavuni, Bi Kuruthumu mbele anavuta kamba. Mtumbwi ukateleza. Hatua kama hamsini hivi nikapoteza kiatu nilichokuwa nimekishika mkononi, wala sikugeuka. Ndipo Mzee Salumu, akiwa amekaa wima katikati ya tope kama sultani, akaanza kupatana.

"Mwanangu Somoe. Robo tatu niliyokulipa naona ilikuwa nyingi."

"Utarudishiwa yote, mzee." Nilikuwa nahema.

"Hiyo ni ya leo. Na fadhaa je?"

"Ukirudi kutoka Mafia nitakutembeza bure."

"Mimi peke yangu?"

"Na bibi harusi."

"Na watoto wake?"

"Watoto wake hawajazaliwa, mzee!"

"Ndiyo maana nauliza mapema."

Bi Kuruthumu alicheka akaachia kamba, mtumbwi ukalala upande, na Mzee Salumu akashuka topeni mpaka kifuani. Namwona mpaka leo. Mikono yote miwili juu, mkeka juu ya mikono, uso umetulia, kanzu imeondoka duniani. Hakusema "nishikeni." Alisema, "Shikeni mkeka."

Honi ya boti ikalia. Mara ya kwanza.

Nikamkamata kwapani, Chande mguu, tukamrudisha mtumbwini kama gunia la korosho. Honi ya pili. Nikasikia sauti yangu ikipasuka: "Sukumeni! Mzee, ukiwahi boti hii, wewe na kizazi chako chote mtatembezwa hapa bure, Mungu shahidi, sukumeni!"

"Na hawa mashahidi wanne," akasema mzee, akinyoosha kidole cha tope kuwahesabu.

Jetini walikuwa wameshaondoa ubao wa kupandia. Watu walimvuta kwa mikono. Wahudumu wakakataa tope lile lisiingie kwenye viti, hivyo akasimamishwa ukingoni, akamwagiwa ndoo tatu mbele ya abiria wote, akavuliwa kanzu, na bwana mmoja asiyemjua akampa kikoi chake. Wakamrusha ndani. Nikahesabu kwa mdomo, sikuweza kujizuia: kichwa kimoja, miguu miwili, mkeka mmoja, mkavu. Boti ikaondoka. Nikakaa chini palepale kwenye maji ya ndoo.

Kesho yake saa tatu na nusu asubuhi simu ya Chande ililia. Akanipa. Upande wa pili vilikuwa vigelegele tu, vingi, na mtu anapiga dufu. Kisha sauti ya Mzee Salumu, imekauka kidogo: "Nimesema 'nimekuozesha' kwa mdomo wangu mwenyewe. Nimeazimwa kanzu, fupi, miguu nje. Umesikia?"

"Nimesikia, mzee."

"Basi. Salamu kwa wale mashahidi."

Mzee Bakari aliniita jioni ya siku hiyohiyo. Alikuwa amezeeka tayari, hashiki upondo.

"Ulihesabu mara ngapi?"

"Mbili."

"Kutoka wapi?"

"Kutoka Idi."

"Idi ya nani?"

"Ya shemeji."

Alicheka mpaka akakohoa, kisha akanisimamisha mwezi mmoja. Sikubishana bei. Nilipomaliza mwezi, nilichomeka kile kigingi mnachokiona mdomoni mwa kijito, chenye chaza. Hesabuni mwezi kwa Idi mnayotaka, lakini kabla ya kuingia tazameni maji yamefika wapi kwenye kigingi, na majani yanakoelekea. Hiyo ndiyo sababu ya sheria ambayo baadhi yenu mnaiita ya kizee.

Nami ahadi nimeitimiza. Miaka kumi na minne sasa, kila mfunguo mosi ukimalizika, wanakuja. Mwaka wa kwanza Rehema na mumewe. Nilijaribu kumtoza mume, Mzee Salumu akauliza, "Bila yeye kizazi kingetoka wapi?" Nikawapakia wote wawili bure. Kisha wakaja watoto, mmoja, wawili, sasa wanne. Kisha mama mkwe, kwa hoja kwamba ndiye aliyemzaa mume. Nilikuwa nawachukua kwenye zamu yangu mwenyewe, petroli yangu, kikundi hakikuguswa. Bi Kuruthumu hutoka kuwasalimia, na watoto wanamwita bibi. Wanaijua kona ile. Mkubwa wao anaijua hadithi kuliko mimi, na anapofika kwenye ndoo tatu huwa anaigiza.

Sasa sina zamu. Mzee Salumu hajui nimestaafu. Juzi amepiga simu: wanakuja Jumamosi, kumi na tisa. Nilimwomba ahesabu tena, akahesabu, wakawa ishirini. Wote, anasema, ni kizazi, na amejiandaa kueleza mmoja mmoja.

Kwa hiyo nawaomba ushauri, ninyi wenye mashua na filimbi. Ahadi ile niliitoa mimi kwa mdomo wangu, lakini niliitoa nikiwa kazini, na neno nililotumia ni "hapa", sikusema "na mimi." Je, imestaafu pamoja nami, au imebaki jetini? Naanzia hapa: watoto bure, wakubwa petroli yao naichangia nusu, mzee akae mbele. Mnaweza kunijibu kwa bei nyingine, nimezoea. Ila nipeni jibu kabla ya Ijumaa, na liwe jibu ambalo naweza kulisema nikimtazama usoni. Nimwambie aje?